Fungu la Mabinti na Fungu la Wazee

Binti yangu mpendwa, Aikaruwa,

Nakuandikia asubuhi, saa mbili haijafika, kwa sababu asubuhi ndipo kope zangu zinapokubali kazi. Kidonge cha kwanza nimeshakimeza na uji, mkono una nguvu, na mama yako amenitolea meza hapa nje karibu na banda la ng'ombe. Ikifika saa sita nitaweka kalamu chini, nitake nisitake. Wewe huna haja ya kuelezwa kwa nini. Wengine wataelezwa humuhumu, maana nimekusudia barua hii isomwe na watu, hasa watu wa mtaa wetu, ambao niliwadanganya kwa zaidi ya miaka kumi na sita.

Najua ungecheka. Baba aliyekuwa akikutuma wewe umwandikie hata barua ya kwenda kwa mjomba wako, leo anajaza karatasi. Ungekuwapo ungeichukua na ile kalamu yako nyekundu, unirudishie ikiwa imechorwa kila mahali kama daftari la mtoto wa darasa la tatu. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike pale nyuma ya migomba, na bado nikikosea neno huwa natazama mlangoni.

Jambo lenyewe ni Neema, binti wa Elisante, wa nyumba ile ya chini ya mfereji. Ulimfundisha. Ni yule aliyekuwa akiwashinda wavulana mbio, ukasema miguu yake ina akili kuliko daftari lake. Sasa ana miaka kumi na tisa. Tangu kiangazi kope zimekuwa zikimwanguka mchana na sauti inamtoka puani. Mwezi uliopita nilimkuta njiani ameutua mkungu wa ndizi, amekaa, na mkono mmoja umeshika kidevu ili mdomo usiachame. Nilisimama pale nikasahau hata kuitikia shikamoo yake. Mkono ule chini ya kidevu niliuona kwako wakati mtoto huyu ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baba yake anasema ni uvivu, na simu. Nikaogopa kwamba siku moja chakula kitampalia, au pumzi itamkatika, huku baba yake amesimama juu yake akimgombeza. Nilimjua baba wa namna hiyo. Nilikuwa yeye.

Acha nianze na aibu yangu, sifa zako zitafuata.

Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulikuwa umemaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule yetu wenyewe, jambo ambalo nililitangaza mpaka watu wakachoka. Ruksa ya biashara ilikuwa ndiyo imeanza. Vitu vilikuwa vimerudi madukani mjini, sabuni haikuwa tena ya kupanga foleni, mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na kahawa bado ilikuwa kahawa. Niliona dunia inaninyookea. Ukitoka shule ulikuwa unashuka na mama yako shamba la tambarare kukata majani ya ng'ombe, na kupanda nayo mlima kichwani kama ulivyofanya tangu ukiwa na miaka kumi.

Kisha ukaanza kuchelewa. Ukawa unatua mzigo njiani mara moja, halafu mara tatu, mara nne. Siku ile ukautua mbele ya kanisa, wazee wenzangu wa usharika tumetoka kikaoni, ukakaa juu yake na macho yako nusu yamefungwa. Nilikuja nikasema kwa sauti ya kusikika, "Hivi nimezaa mwalimu au nimezaa gogo?"

Wenzangu walicheka. Wewe ukajaribu kutabasamu, ili kunisitiri nadhani, na uso ukakataa. Pembe za mdomo hazikupanda. Mdomo ulijikunja kama wa mtu anayenusa kitu kibaya. Nikaamini kwamba unanibeza mbele ya watu. Jioni ile sikugusa chakula ulichopika, na nilikaa siku tisa bila kukusemesha neno.

Siku tisa, mwanangu, kwa kosa la kutabasamu.

Aliyeona ni mama yako. Mimi nilikuwa nakuona jioni tu, nikirudi, wakati umeshaisha. Yeye alikuona asubuhi, unafagia uwanja unaimba, mzima kabisa. Alikuona saa kumi, kitana kikikushinda kukipandisha kichwani. Watu walikuwa wameshaanza kusema yao. Wengine walisema una mimba, wengine wakataja kurogwa, na mimi nilishikilia uvivu wangu. Mama yako akaniambia neno moja tu, huku anamenya ndizi: "Baba Aikaruwa, mvivu huwa mvivu hata asubuhi." Kesho yake alikuchukua mkashuka hospitali kubwa mjini bila kuniaga. Niliwafuata. Nisiseme uongo, niliwafuata kwa hasira.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, msemaji wa taratibu. Alikuketisha, akakwambia utazame dari wala usishushe macho. Tukangoja. Kope zako zikaanza kushuka zenyewe, polepole, na wewe unapigana nazo mpaka paji la uso limekunjamana, wala hukuweza kuzizuia. Hapo ndipo shaka iliponiingia, maana niliona unavyojitahidi, na mvivu hajitahidi vile. Akakuchoma sindano ya mshipa. Haukupita muda, kope zikapanda. Ukanigeukia kwa macho mawili mazima, ukatabasamu, na safari hii tabasamu likafika. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ukuta, mimi mzee wa kanisa, mpaka mfagizi akaniuliza kama nimefiwa.

Jina lake wanaliita miastenia. Daktari alitueleza kwamba mwili una askari wake wa kuulinda na vijidudu, na kwa watu wachache sana askari hao wanakosea, wanaanza kupiga mahali mishipa ya fahamu inapokabidhi amri kwa misuli. Nikamwambia basi ni kama sungusungu waliomkamata mwenye nyumba wakamwacha mwizi. Alicheka, akasema ndivyo. Kisha akasema maneno ambayo ningeyashika yote ningejiokoa na mengi: "Ni ugonjwa wa nadra. Wanawake huwapata zaidi wakiwa vijana, kama huyu. Wanaume huwapata zaidi wakishakuwa wazee. Si sheria, lakini ndivyo tunavyouona."

Mimi nilishika nusu ya kwanza. Nusu ya pili niliiacha palepale sakafuni.

Unajua tulivyo. Kwetu mbuzi hachinjwi ovyo wala haliwi ovyo. Kidari kina wenyewe, mguu una wenyewe, kinamama wana fungu lao, na mwanamume mwenye akili timamu hagusi fungu la kinamama hata akiwa na njaa ya siku mbili. Nimelelewa hivyo, nikaupima ugonjwa wako kwa kipimo hichohicho. Nilisikia "wanawake", nikaufunga kwenye majani ya mgomba, nikaupeleka jikoni. Ulikuwa wa kwenu. Nikapanda mlima nikiwa na huruma kwako na amani kwangu.

Kosa la pili ni baya zaidi. Nikahofia posa. Ndugu zangu niliwaambia ni ugonjwa wa wanawake, basi; wengine wote waliouliza niliwaambia una kifua, kwamba baridi ya juu haipatani nawe. Nikamkataza mama yako kulitaja jina la ugonjwa. Ukawa "mwalimu mwenye kifua" mtaa mzima, na wewe hukunikana hata mara moja, ingawa nilikuona unavyouma midomo kila unapopewa pole ya kifua ambacho huna. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha maradhi ambayo hata hayakuwa yangu.

Sasa sifa. Mama yako ameleta chai, amechungulia, amesema, "Naona umejitukana vya kutosha."

Mwanangu, ulifundisha miaka kumi na sita na ugonjwa ule, wala darasa lako halikupoa. Ulipanga siku kwa kipimo cha kidonge. Hesabu asubuhi, wakati mkono unafika juu ya ubao. Kusoma baadaye, ukiwa umekaa. Jioni, sauti ikikataa, uliwafundisha watoto wakuelewe kwa ishara za kidole, nao wakaona ni mchezo walioletewa wao peke yao. Nilipita siku moja dirishani nikakuta darasa zima kimya, wewe umekaa na kope nusu, na mtoto mfupi amesimama juu ya kiti anaandika ubaoni unachomwonyesha. Mwalimu mkuu aliniambia kila wakaguzi walipokuja aliwapeleka kwenye darasa lako. Nilimjibu kwa unyenyekevu wa uongo. Ndani nilikuwa kama jogoo.

Halafu Holili, pale mpakani. Miaka ile dawa zako zilikuwa zikikosekana mjini miezi mizima, na yule mama wa Taveta aliyekuwa akivusha mashuka akawa anakuletea kutoka Nairobi. Nilikusindikiza mara nyingi Jumamosi. Siku moja afisa wa mpakani, kijana mwenye kiherehere, alikuona unapokea kifurushi akakuuliza, "Dada, unaingiza bidhaa gani?" Ulikuwa umechoka, sauti inatoka puani, lakini ulimjibu hivi hivi: "Naingiza nguvu ya kuandika ubaoni. Darasa la tatu wananisubiri Jumatatu." Ukamfungulia cheti cha daktari mezani, ukamsomea na namna ya kumeza. Alikupisha, akakuita mwalimu.

Kwenye kliniki ulikuwa hukai bure. Wengine wanasinzia benchini, wewe unahesabu watu kwa macho. Ulirudi siku moja ukaniambia, "Baba, benchi letu ni la ajabu. Tumekaa mabinti, na wazee wenye mvi. Wanaume wa rika langu, nimemwona mmoja tu miaka yote hii. Ni kama watu wa harusi, upande mmoja bibi harusi na wenzake, upande mwingine washenga." Nilicheka, nikakuuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Ulinipa nusu ya pili ya maneno ya daktari mkononi, nikaiangusha tena.

Mpaka Krismasi ile.

Ukoo ulikuwa umepanda mlimani kama kila Desemba, wa Dar, wa Arusha, magari yamejaa mpaka barabarani. Nilikuwa na miaka sitini na mitano. Mbuzi amefungwa pale penye migomba, wanaume tumezunguka, na mimi kama mkubwa ndiye wa kusema maneno ya baraka kabla ya kisu. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiona vitu viwili viwili, nikalaumu miwani. Nikakohoa kwenye supu, nikalaumu pilipili. Siku ile nilisimama saa nane mchana, nikafungua mdomo, na maneno yakatoka puani, mazito, yamebanana. Kope zikashuka. Kichwa nacho kikawa kinainama.

Nikasikia mtu anasema nyuma, "Mzee ameanza na mbege asubuhi." Mwingine akacheka. Mimi, ambaye sijaonja mbege tangu kipaimara, nimesimama mbele ya watoto wa ndugu zangu kama mlevi wa kilabuni, na ulimi wa kujitetea sina.

Wanawake hawafiki pale. Wewe ulifika. Ulitoka jikoni ukapita katikati ya wanaume, ukaniketisha kwenye kigoda, ukafungua pindo la kanga, ukatoa kidonge chako cha saa nane ukanitilia mdomoni, ukaninywesha maji kwa kunishika kidevu. Ndipo ukageuka.

"Wazee wangu, shikamooni. Nisameheni kusimama hapa. Baba hajalewa. Baba ana ugonjwa wangu."

Baba yako mdogo, mwenye kisu mkononi, akasema, "Aikaruwa, si tuliambiwa huo ni ugonjwa wa wanawake?"

"Hiyo alisema baba. Baba mdogo, kidari cha leo unampa nani?"

"Wazee. Unauliza nini sasa?"

"Na fungu la kinamama?"

"Litakuja huko jikoni kwenu, kama siku zote."

"Mbuzi ni wangapi?"

"Si mmoja huyu hapa!"

"Basi na ugonjwa huu ni mmoja. Sisi mabinti tunagawiwa fungu letu mapema, tukiwa bado tunasukana nywele. Nyinyi wanaume mnawekewa lenu, mara nyingi mpaka mvi zitoke. Nimekaa benchi la kliniki miaka kumi na minne, nimewaona wanaopokea. Baba amefikiwa na fungu lake. Mpeni nusu saa, mtamsikia."

Wakanipa. Hakuna aliyeondoka. Kabla hata nusu saa haijaisha, kope zangu zilipanda, nikauona uso wako mmoja badala ya miwili, na ulimi ukafunguka. Nilisema baraka zote, sikuruka hata jina la babu mmoja. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo maisha yangu yote, na sijasikia mwanamume wetu akisema vizuri kama ulivyosema siku ile, ingawa nimesikia wengi wakisema sana.

Lakini kidonge kile kilikuwa chako. Jioni watu wanakula nyama, nilikukuta jikoni umeshika kidevu kwa mkono, mbele yako bakuli la mtori, supu laini ya ndizi, uliopoa, hata mtori haukupiti. Nikataka kusema neno. Ukaniwahi: "Baba, nenda kakae na wageni." Baada ya sikukuu daktari alipotupima sote wawili alitugombeza kweli. Dawa ya mtu haigawiwi, alisema, hata kwa baba, ingeweza kuniua. Tuliinamisha vichwa kama watoto walioiba sukari. Tulipotoka nje ukanipiga kikumbo cha bega: "Umeona benchi lilivyo, baba? Washenga wamefika." Miaka miwili tulikwenda kliniki pamoja, wewe upande wako na mimi upande wangu. Miaka ile, pamoja na ugonjwa wake, ndiyo mizuri niliyokuwa nayo na wewe.

Kisha masika yakaja na kifua cha kweli. Nimonia haikukuhurumia, na misuli ya kupumua ilikuwa tayari imechoka. Ulikuwa na miaka thelathini na minane. Yaliyosemwa penye mbuzi ukoo haukuyatoa nje, na watu wa mtaa walikuja kunipa pole, wakasema, "Kile kifua chake kilimsumbua muda mrefu." Nami nikaitikia, "Ndiyo." Uongo wangu ulikuzika pamoja na jeneza.

Ndiyo maana nilipomwendea Elisante kuhusu Neema, alinijibu kama nilivyostahili. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, nakuheshimu. Lakini huo ni ugonjwa wenu wazee. Mtaa mzima tunakuona wewe na kope zako. Binti yangu ana miaka kumi na tisa, huo uzee kautoa wapi?"

Umeelewa, mwanangu? Mimi nilisema ni wa wanawake, mzee haumpati. Yeye anasema ni wa wazee, binti haumpati. Kila mmoja ameshika nusu yake, na Neema yuko katikati hamezi. Na kama watu wangejua uliumwa nini wewe, Elisante asingekuwa na neno la kunijibu.

Nilirudi nikakata jani la isale pale mpakani mwa shamba, nikalileta kaburini kwako. Kwa mila yetu aliyekosa akileta isale, aliyekosewa hawezi kukataa. Nililiweka, nikasimama, na nikaona nimefanya jambo rahisi mno. Marehemu hata bila isale hakatai. Mwenye kukataa alikuwa yuko chini ya mfereji.

Alhamisi, bila kumwambia mama yako, sikumeza kidonge cha saa sita. Nilishuka kwa Elisante saa nane, nikiegemea fimbo, nikapumzika mara nne. Nilimwomba amwite Neema akae na mimi benchi moja, na yeye Elisante akae mbele yetu. Nikamwambia, kwa sauti ile ya puani, "Tutazame. Usitutazame umri. Tazama nyuso."

Alitazama. Kope zangu na za Neema zilikuwa zimefika mahali pamoja. Midomo yetu imelegea namna moja. Nikaomba maji, nikayanywa mbele yake, nusu yakanirudi puani, yakanitiririka kwenye koti langu la kanisani. Ni aibu kwa mzee kutazamwa hivyo. Neema alipoona akaanza kulia. Akasema, "Baba, hata mimi. Maji yananirudi hata mimi. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Ndipo nikameza kidonge changu. Neema sikumpa, maana tulishagombezwa. Tukakaa tunangoja, na wakati wa kungoja nikamweleza Elisante yote, kwa shida, neno moja moja: kwamba hukuwa na kifua, kwamba ulianza ukiwa na miaka ishirini na miwili, kwamba nilikuita gogo, kwamba nilikunyima maneno siku tisa kwa sababu ya tabasamu. Kadiri nilivyosema ndivyo sauti ilivyozidi kunyooka, mpaka mwisho nasema kama mtu. Elisante alikuwa ameacha kunitazama mimi. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Mwezi uliopita nilimpiga kofi," alisema. "Nilidhani ananibeza."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa mdomo gani?

Tulishuka mjini alfajiri ya Ijumaa, sisi watatu. Neema amelazwa, ameanza dawa, na jana Elisante amepita hapa mbio kutuambia mtoto amekula ndizi na maharage, akamaliza, akaomba nyingine. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Elisante naye ameniomba niseme na kinababa wa mtaa siku ya Jumapili baada ya ibada. Nitasema mapema, kabla kope hazijafunga duka. Barua hii ataisoma yeye, mimi nikichoka.

Lakini kuna kitu kimoja hawa wote hawakioni kikubwa, nami tangu Ijumaa nakitembeza kifuani. Pale kwenye dirisha la kuandikishia, karani, binti mdogo tu, alitaka barua ya rufaa. Elisante akanitazama. Nikasema barua hatuna.

"Sasa mzee, mmetumwa na nani? Lazima nijaze."

"Tumetumwa na Mwalimu Aikaruwa."

"Ni daktari wa kituo gani?"

"Alikuwa anafundisha darasa la tatu."

Alininyanyulia macho. Nadhani alitaka kubisha, akauona uso wangu na uso wa Neema, akaacha. Aliandika. Nikamwomba aligeuze daftari nilione. Nilivaa miwani nikasoma herufi moja moja, na hakukosea hata moja.

Pumzika, mwalimu wangu. Mama yako anakusalimu, na anasema nimalize, saa sita inakaribia.

Ni mimi, nikikuonea fahari,
Baba yako